Utabiri ulisema mvua "maeneo machache", mimi nikachoma shamba: yaliyotokea Ulemo

Wakuu, habari za mchana. Shikamoo kwa waliotutangulia humu.

Ninachoandika ni cha kweli na kimenitokea mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina ya watu, basi. Moto sijaubadilisha.

Kwanza mnijue kidogo, maana najua humu mtu akisema yuko kijijini anaonekana ameshindwa maisha.

Mimi ni fundi umeme, nina diploma. Niliisoma masomo ya jioni nikiwa nafanya kazi Kitwe, Zambia, na ada nilijilipia mwenyewe bila mjomba wala mfadhili. Nimekaa huko miaka tisa. Niliporudi Iramba nilirudi kwa hiari, nikajenga nyumba ya bati la rangi, nikafunga sola, nikanunua ekari nane hapa Ulemo kwa ajili ya alizeti. Kijijini wananiita Fundi, na hawakosei.

Sasa turudi kwenye mada.

Kila jioni huwa naingia mtandaoni, nasoma utabiri wa hali ya hewa wa kesho, nautuma kwenye grupu la kijiji. Hakuna aliyeniomba. Niliona watu wanapanda kwa kubahatisha nikaamua kuwasaidia. Kwa msimu mzima uliopita sikukosea hata mara moja, au niseme utabiri haukukosea na mimi ndiye niliyekuwa nautuma. Watu wakazoea. Mama mmoja alikuwa haaniki ufuta mpaka anipigie simu.

Mwishoni mwa Oktoba kama mnavyojua mkoa wetu unakauka kweli. Nyasi zinakuwa kama karatasi. Ukitembea, vumbi linabaki nyuma yako likikusubiri.

Jumanne moja utabiri ukatoka hivi: mvua zinazoambatana na ngurumo za radi zinatarajiwa katika maeneo machache ya mikoa ya Singida na Dodoma.

Nilifurahi sana. Nikapiga skrinshoti, nikaituma kwenye grupu na maneno yangu juu: "Kesho mvua. Jiandaeni."

Shamba langu lilikuwa bado na mabua ya mwaka jana na vichaka. Nikapiga hesabu ya kisomi: nichome kesho asubuhi, mchana mvua izime, majivu yaingie ardhini, nipande wa kwanza kijiji kizima.

Hapa niwaeleze utaratibu wa kwetu. Huchomi shamba hivihivi. Unaanza kwa kufyeka njia ya moto kuzunguka shamba lote, upana wa hatua kama sita hivi, unakwangua mpaka udongo uonekane. Unamwambia mwenyekiti wa kitongoji. Unawaambia majirani, na siku yenyewe wanakuja kusimama pembeni na matawi mabichi. Ni kazi ya siku tatu.

Mwenyekiti nilimwambia. Akauliza swali moja tu, njia ya moto umefyeka? Nikamwonyesha simu. Akaitazama, akarudisha, akasema wewe ndiye msomi.

Mimi nikalichukua lile neno kama ruhusa.

Jirani yangu upande wa magharibi ni Mama Eliya. Mjane, umri wa mama yangu mdogo, mfugaji wa nyuki. Kati ya shamba langu na kwake kuna kichaka chake, ametundika humo mizinga ya magogo ishirini na sita. Mingine aliichonga marehemu mumewe. Asali ile ndiyo imesomesha watoto wake, na ya msimu ule alikuwa bado hajairina.

Jioni ile nilikutana naye kisimani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza kuhusu ile mvua ya kwenye grupu. Alikuwa amepanga kesho yake afagie majani makavu chini ya mizinga kama afanyavyo kila kiangazi, ila kama mvua ipo, basi aende zake mnadani.

"Hiyo mvua ni ya hapa?" akauliza.

"Ni ya kwetu, mama. Nenda mnadani."

Naomba mlikumbuke jibu hilo. Mimi nalikumbuka.

Jumatano saa nne asubuhi nikawasha. Moto ulikwenda vizuri sana, wa chini, wa adabu. Majirani wawili walikuja na matawi yao bila kuitwa, nikawaambia wapumzike.

Saa saba wingu likasimama upande wa Shelui, jeusi. Ngurumo zikaanza. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu: "Inakuja."

Kilichokuja ni upepo.

Wale mliosoma jiografia mtanielewa. Wingu la radi linatanguliza upepo, na mvua inaweza kufuata au isifuate. Mimi jambo hilo nalijua, nililisoma. Siku ile sikulikumbuka.

Upepo ulibadili mwelekeo mara mbili. Mara ya kwanza ulirudisha moto kule ulikotoka, nikacheka. Mara ya pili ukaunyanyua, ukavuka kinjia cha ng'ombe nilichokuwa nakitegemea badala ya njia ya moto, ukaingia kichaka cha Mama Eliya. Majani ambayo yangefagiwa asubuhi ile yalikuwa palepale.

Watu walikuja wengi. Tulipiga matawi kwa zaidi ya saa tatu. Kazi ilikuwa ngumu kuliko moto wa kawaida kwa sababu nyuki walikuwa wametoka na hawachagui nani mkosaji. Mimi nilihesabu sehemu kumi na saba nilizoumwa kwenye kichwa na shingo. Mvua iliyodondoka Ulemo siku ile ningeweza kuifuta kwa leso.

Tukiwa tunapumzika, moto umeshazimika, nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa rafiki yangu Juma, dereva wa lori. Alikuwa amesimama Shelui. Nikaufungua bila kufikiri, sauti juu, watu wote wakasikia.

"Oya Fundi, huku ni mafuriko, barabara haionekani, tumejifungia kwenye magari. Utabiri wako kiboko, mwanangu."

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

Mama Eliya alifika kutoka mnadani, bado ana kapu. Alikwenda kichakani kwanza, peke yake. Aliporudi alisema mizinga kumi na mmoja imekwisha, na hajui kama ile mingine ina wenyewe ndani.

Kisha akaniambia nitoe simu.

"Nisomee ule utabiri. Wote."

Nikafungua ile skrinshoti. Akasema hiyo ameshaiona, anataka ule wa mwanzo. Nikaingia mtandaoni, nikafungua ukurasa wenyewe. Chini ya pale skrinshoti ilipoishia palikuwa na mistari mitatu. Nikasoma kwa sauti mbele ya watu: vipindi vya upepo mkali vinatarajiwa kabla ya mvua. Nyasi ni kavu na hatari ya moto wa nyika ni kubwa. Wananchi wanashauriwa kuepuka kuchoma mashamba.

"Hayo ya chini ulituficha au hukuyaona?"

"Sikuyaona, mama."

"Na hayo maeneo machache, nani alikwambia ni sisi?"

Wakuu, niwe mkweli kwenu. Nilikuwa nimesoma neno "mvua" na neno "Singida", mengine nikayaona ni maneno ya heshima tu, kama mtu anavyosema karibu chakula kidogo.

Mwenyekiti aliitisha kikao kesho yake. Nilisimama nikakubali kosa, nikasema nitalipa yote kwa mkupuo, uwezo ninao. Mama Eliya akakataa.

"Hela ya Zambia haiingii nyuki. Chonga."

Nikasema nitamwita fundi seremala.

"Fundi si wewe?"

Walicheka mpaka mwenyekiti.

Basi nimechonga. Unapasua gogo vipande viwili, unakwangua ndani kwa tezo, unafunga tena kwa waya, unatoboa mlango. Wa kwanza ulinichukua wiki na ukapasuka. Mpaka nafika wa kumi na mmoja, mkono ulikuwa umeshakubali, na nasema bila kujisifu kwamba mitatu ya mwisho imenyooka kuliko yoyote iliyomo kichakani. Ile ya marehemu siilinganishi na chochote, maana haipo tena.

Alizeti nilipanda wa mwisho.

Nilichojifunza nakiweka wazi, hasa kwa wasomi wenzangu mliorudi vijijini. "Maeneo machache" ni kipimo. Maana yake sehemu kubwa ya mkoa haitapata kitu. Wakisema "baadhi ya maeneo" imepanda kidogo, "maeneo mengi" ndiyo unaweza kuanika matumaini. Watu wa hali ya hewa siku ile walikuwa sahihi neno kwa neno. Na ukituma, tuma ukurasa wote. Mtu wa upande wa pili hajui umekata wapi.

Njia ya moto fyeka hata kama mawingu yamekaa juu ya kichwa chako.

Bado natuma utabiri kila jioni, mzima, mpaka nukta ya mwisho. Kijijini jina la Fundi limekufa, sasa naitwa Machache. Mama Eliya akipita asubuhi namwamkia, anaitikia, halafu anauliza, "Machache, leo tumo?" Siku nyingi namjibu hatumo, na anakwenda kufagia chini ya mizinga yake.

Juzi alipita hakuuliza. Alisema nyuki wameingia kwenye mmoja wa ile yangu. Nikamuuliza upi, nikitegemea ni kati ya ile mitatu iliyonyooka.

Akasema ni ule uliopasuka. Alikuwa ameuziba kwa udongo na kuutundika bila kuniambia.

Nakaribisha maoni, na matusi ya kiasi. Walioko Shelui mniambie ukweli, ile mvua iliwafaa kweli, au iliishia barabarani?