Moshi wa Utomvu

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumamosi iliyopita, nilikuwa mezani kwangu nikilehemu chipu ndogo kuliko punje ya mchele kwenye bodi ya simu. Utomvu ulipogusa chuma cha moto, moshi wake ulinirudisha utotoni, jikoni kwetu katika mtaa wa Rhonda.

Nilikuwa nimeangusha redio, ikanyamaza. Fundi wa mjini alitaka shilingi themanini, na pesa zilizokuwa nyumbani zilikuwa za viatu vyangu vya shule. Mama, ambaye alizoea kuziba sufuria za majirani zilizotoboka, alisema atajaribu mwenyewe. Alipasha kipande cha shaba kwenye jiko la makaa, akakichovya katika utomvu aliobandua kwenye mbao za msonobari, kisha akayeyusha lehemu juu ya waya uliokatika. Moshi ulipaa, mtamu na mkali kidogo. Nilikimbia nikafunga dirisha.

"Wewe, unataka tufe humu?" Mama aliuliza akikohoa.

"Watu wa redio wanatoka, Mama."

Alicheka mpaka akaweka shaba chini. "Basi mshike yule anayetangaza mpira, babako asije akalia."

Siku hizi najua kwamba utomvu husafisha chuma ili lehemu ishike, na kwamba moshi ule si wa kuvutwa. Siku ile nilibaki nimeegemea dirisha, macho yakiniwasha, hadi redio ilipokwaruza na mwanamume mmoja akaanza kusoma matangazo ya vifo. Niliamini nimemwokoa.

Jumatatu nilienda shule na viatu vipya, vya shilingi themanini.