Programu Isiyokataa Faili

Nina kesi na ile programu ya kuchezea video, ile yenye alama ya koni ya barabarani, rangi ya machungwa. Imeniharibia kazi, na sitanyamaza.

Zamani kidogo, mteja akileta video isiyofunguka, mimi ndiye nilikuwa daktari wake. Nakunja uso, navuta pumzi, namwambia, "Hii ni ngumu, rudi kesho jioni." Ukweli ni kwamba ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini heshima nayo inahitaji muda wake. Siku hizi mama muuza omena anaingia dukani kwangu hapa Homa Bay, anachungulia kompyuta, ananiambia, "Si uweke tu ile ya koni?" Ai! Sasa mimi ni wa nini?

Na haichagui. Harusi iliyopigwa kwa simu ya kioo kilichopasuka, inacheza. Kwaya iliyotolewa kwenye kaseti ya mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, inacheza. Haina tangazo hata moja, haiombi chochote, haijui kuringa. Sauti nayo inapita asilimia mia, mpaka spika zangu mbili zimekufa kwa ajili ya akina mama wasiojua kuimba polepole. Programu yenye adabu ingefika mia ikasimama.

Lakini kubwa zaidi ilinifanyia Jumapili moja, baada ya kumzika baba.

Baba tulimzika nyumbani, upande wa Sori. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na mazishi, basi nikasema hii nitapiga mwenyewe. Wazee wa boma walinikataza: mtoto huomboleza, hapigi picha. Nikawajibu kwa kiburi, wanitajie mwingine wa kuaminika. Nikashinda siku nzima jicho kwenye kamera, nikimwambia huyu asogee, yule ainue shada. Mchungaji alipotuita watoto kutupa mchanga, niliiacha kamera ikiendelea juu ya miguu yake mitatu, nikaenda, nikarudi mikono imejaa vumbi. Vijana walipomaliza kujaza kaburi, nikachomoa betri kabla ya kubonyeza kuzima. Kosa la mwanafunzi, na mimi najiita fundi.

Faili haikujifunga. Nilipofika mjini, kila programu niliyojaribu ilisema imeharibika. Ile ya koni sikuijaribu. Niseme ukweli: niliogopa itacheza.

Sasa kuna waya. Waya kwa Kiluo ni shangazi; huyu ni dada yake baba, wa mwisho aliyebaki katika tumbo lao. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa, ametoka kupasuliwa, na daktari hakumruhusu kwenda popote. Alipopata nafuu alikataa kwenda nyumbani kuona kaburi. Alisema yeye hajazika mtu. Akifika pale atauliza ndugu yake yuko wapi, na atakuwa anauliza kweli. Aone kwanza akishushwa, ndipo aende kumlilia. Na kwetu msiba haujaisha kama dada hajaja kumlilia ndugu yake, kwa hiyo boma zima lilikuwa linamngoja yeye, na yeye alikuwa ananingoja mimi.

Alikuja Jumapili, kwa kuwa yeye ni Msabato na Jumamosi ni ya kanisa, amefunga kitambaa kichwani, tumbo amelishika kwa mkono.

"Haya, niwekee."

"Waya, imeharibika."

"Imeharibika vipi na wewe ndiye fundi?"

"Haifunguki."

"Na ile ya koni?"

Yawa! Hata yeye.

Nikaiburuta faili. Programu ikaniuliza: irekebishe kwanza, icheze hivyo hivyo, au isicheze? Kidole kikakaa pale kwenye "isicheze". Waya hasomi Kiingereza cha kompyuta, hangejua kitu. Kisha nikamtazama alivyokaa ukingoni mwa kiti, viatu ameshavivua. Nikabonyeza "icheze hivyo hivyo".

Ikacheza. Picha ilikuwa ya kijani, nyuso zimekatika miraba miraba, na jeneza lilipoanza kushuka ikaganda kabisa. Sauti ndiyo iliyoendelea. Nikasema pole waya, nikanyoosha mkono niizime.

"Wacha," akasema.

Tukasikia mabeleshi. Tukasikia udongo ukigonga mbao, halafu mawe.

"Hayo ni mawe ya kwetu," akasema. "Nimelima hapo na yeye tangu tukiwa wadogo. Basi wamemzika kweli."

Akasimama, akaweka mikono kichwani, akalia kwa sauti, akimwita ndugu yake kwa majina ya utotoni nisiyowahi kuyasikia, akimuuliza mbona hakumngoja. Sijui ni nini kilichofunguka ndani yangu. Siku ile ya mazishi nilikuwa na kazi ya kufanya; sasa sikuwa na kazi yoyote. Nikalia na mimi, mtu mzima, mlango wazi, saa nne asubuhi.

Msusi wa duka la pili akaja mbio, kitana mkononi, akidhani habari imeingia sasa hivi.

"Nani amekufa?"

Wiki sita watu walikuwa wakinipa pole, nami nikiwajibu tumeshapoa.

"Baba yangu," nikamwambia. "Baba yangu amekufa."