Siku Kokoto Alipofunga Njia

Pale kiwanjani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kokoto, kwa sababu miaka yote aliyoshika ufagio kwenye maegesho ya ndege hakuwahi kupita kokoto bila kuinama. Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma, naye hakujali. Injini ya ndege hufyonza kila kilicho mbele yake, iwe jiwe, msumari au kufuli iliyochomoka kwenye begi la mtu, na ikishameza chuma, kicheko kimekwisha. Basi Kokoto aliinama, akaokota, akatia kwenye ndoo.

Hatimaye akapewa gari. Tena si gari hivi hivi! Ilikuwa pikapu ya njano yenye taa inayozunguka juu, redio ya kuongea na mnara wa kuongozea ndege, na ruhusa ya kupita katikati ya njia ya kutua kuikagua kabla ndege haijafika. Alipokuwa akijifunza, alikaa kando ya mkaguzi mzoefu. Siku hiyo ilikuwa ya kwanza kuwa peke yake, na mkuu wa kitengo, ambaye wote humwita Chifu, alimkabidhi ufunguo bila kutabasamu.

"Leo nitakusikiliza redioni mwanzo mpaka mwisho," alimwambia. "Ukivurunda, ufagio wako bado uko stoo."

Kama hilo halikutosha, ndege ya kwanza ya zamu yake ilikuwa imembeba mume wake, aliyeondoka kwenda kufanya kazi ng'ambo tangu mwaka juzi. Miezi yote hiyo waliishia kuonana kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nusu ya uso huku na nusu kule. Mama mkwe alikuwa ameshafika ukumbini, amevaa nguo mpya, amekalia kiti cha mbele kabisa na kuwekea mkoba kiti cha pili asije mtu akamziba.

"Hivi kazi yako ni kuendesha gari mahali pasipo na gari jingine?" alimchokoza mkwewe alipopita kumsalimia. "Hata mimi ningeiweza."

"Utaniona leo, mama," Kokoto akamjibu, meno yote nje.

Furaha ina mambo yake. Asubuhi ile Kokoto aliosha gari lile mpaka likawaka. Akang'oa hata vifuniko vya magurudumu, vile vya kung'aa, akavisugua kimoja kimoja ili mume wake akichungulia dirishani aone mkewe anaendesha kitu cha maana. Kisha akavirudisha kwa kuvipigapiga na kiganja. Mkaguzi mzoefu angevitazama mara mbili. Kokoto aliona sura yake imejaa humo, akaridhika.

Mnara ulipomruhusu aliingia njiani roho juu, macho huku na huko. Hakuna jiwe, hakuna kipande cha mpira. Penye maungio ya zege gari liliruka kidogo, yeye akaongeza mwendo. Alipotoka upande wa pili akabonyeza redio.

"Mnara, Gari la Ukaguzi. Njia ni safi."

"Nimekupata, Gari la Ukaguzi. Njia ni safi."

Ni desturi ya wakaguzi kwamba ukitoka njiani, unashuka na kulizunguka gari lako. Wengi huzunguka ili kunyoosha miguu tu. Kokoto alizunguka huku akiimba kimoyomoyo, akafika gurudumu la mbele la kushoto, na wimbo ukakatika. Nati zilikuwa zikimtazama uchi. Kifuniko hakipo.

Aliinua macho, na kule mbali akaziona taa za ndege, zimeshika mstari, zinakuja.

Labda kimeangukia majanini, alijiambia. Labda kilibaki kule nilikooshea. Akilini aliiona stoo, akauona na ufagio, na Chifu aliyetega sikio. Angesema nini kwa mama mkwe, kwamba kazi aliyojisifia asubuhi haikufika hata mchana? Lakini mkono wake ulishaingia dirishani na kunyakua redio.

"Mnara! Mnara! Njia si safi! Zuieni ndege!"

"Gari la Ukaguzi, umeniambia sasa hivi ni safi."

"Nilikosea! Kifuniko cha gurudumu kimeanguka njiani. Ni cha gari langu mimi mwenyewe!"

Ile sauti ya mnarani, tulivu kama ya mtu anayeagiza chai, ikamwambia rubani asitue, apande, azunguke.

Ndege ilikuwa imeshashuka mno. Magurudumu yako nje, Kokoto anayaona. Madirisha yote yamepangana, na nyuma ya mojawapo yumo mtu wake. Ghafla injini zilinguruma, pua ikainuka, ardhi ikatetema mpaka kwenye magoti yake. Ikapita juu, nzima! Kokoto alipiga ukelele ambao hata yeye hakujua kama ni wa hofu au wa shangwe.

Aliporuhusiwa kuingia tena alikwenda kama mwenye deni na njia ile. Akakikuta kifuniko palepale penye alama nyeusi za matairi, mahali ndege zote hugusia chini, kimelala kifudifudi, kimetulia tuli. Akakiokota. Kisha akaving'oa vitatu vilivyobaki, akavitupa kitini, akaikagua njia upya tangu mwanzo.

"Njia ni safi," alisema.

"Una hakika, dada?"

"Sina kitu kingine cha kuangusha."

Ndege ikatua laini.

Ukumbini mama mkwe alikuwa amesimama, mkoba umemponyoka na hana habari nao. Mume akatokea na masanduku, uso umempauka. Alimkumbatia mama yake, akamkumbatia mkewe, na maneno yakamtoka kwa kasi.

"Tulikaribia kugusa chini, mara tukarudi juu! Watu wanalia! Rubani anasema kuna mtu kaangusha chuma njiani. Nikimpata huyo mjinga!"

"Umempata," Kokoto akasema. "Ni mimi. Na aliyewazuia msitue ni mimi pia."

Mama mkwe aliinama akauokota mkoba wake. Mume alimtazama mkewe, akatazama mikono yake iliyojaa vumbi jeusi, akaishika yote miwili.

Hapo ndipo Chifu alipoingia, kifuniko kimoja kimebanwa kwapani. Kokoto alijikaza. Liwalo na liwe.

"Magari yote ya kitengo yanang'olewa vifuniko hivi sasa," Chifu alisema. "Tungepaswa kufanya hivyo zamani." Akatoa mfukoni ufunguo wa pikapu, ambao Kokoto alikuwa amemrudishia. "Kuna ndege nyingine inakuja. Njia haijakaguliwa."

Kokoto aliutazama ufunguo, halafu mume wake, ambaye hata hakuwa amekaa naye dakika moja.

Mume akamwachia mikono.

"Kimbia," alimwambia. "Na hao wanaokuja wana watu wanaowangoja."