Majina Matatu Kwenye Televisheni ya Baba

Televisheni ya baba yangu ilikuwa nzito kuliko ng'ombe. Naongea kama mtu aliyeibeba. Baba alipostaafu kazi ya kupakua mizigo bandarini Kisumu na kuhamia Otonglo, mimi ndiye niliyeishika upande wa nyuma, na mpaka leo nikiinama mgongo unanikumbusha. Ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu minne na milango miwili ya kufunga kama kabati, na juu yake Mama alitandika kitambaa alichokishona mwenyewe. Aliyekuwa na ruhusa ya kufungua ile milango na kuzungusha nobu ya stesheni ni Baba peke yake. Hata askofu angekuja, angeomba kwanza.

Umeme tuliupata kwa waya kutoka kinu cha posho cha jirani. Mashine ikianza kusaga mahindi, picha ilijikunja katikati ya kioo, na waziri aliyekuwa akihutubia taifa akabaki mdogo kama kidole gumba. Ndiyo maana shughuli zetu zote na televisheni zilingoja Jumapili baada ya kanisa, kinu kikiwa kimefungwa.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilimaliza kidato cha nne katika masomo ya jioni, mtu mzima mwenye ndevu, nikajiona nimebakiza hatua moja niwe profesa. Mchana nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka moja mjini. Tajiri wangu alipofunga duka na kuhamia ng'ambo, aliniachia kompyuta ya watoto wake. Ilikuwa ndogo kama Biblia, vitufe vyake vya mpira, na haikuwa na kioo chake. Ilitaka kuazima kioo cha televisheni kwa waya uliochomekwa kwenye tundu la antena.

Nilimweleza Baba kwamba nikiandika jina lake kwenye vile vitufe, litatokea kwenye televisheni. Akasema majina ya watu kama sisi hutajwa redioni tu, tena saa ya matangazo ya vifo, na mwenyewe hayupo wa kuyasikia. Yeye angependa kuliona lake akiwa bado anakunywa chai. Alitaka lote, majina yake matatu kama yalivyo kwenye kipande chake cha kitambulisho.

Haraka ilikuwapo, ingawa hakuna aliyeitaja. Ugonjwa wa sukari ulikuwa unamla macho. Daktari alikuwa amemwambia yatapungua, hakumwambia kwa kasi gani.

Jumapili ya kwanza Baba alifungua milango, mimi nikachomeka waya, tukapata mvua ya nukta nyeupe na kelele kama za samaki wanaokaangwa. Baba alizungusha nobu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Stesheni ilikuwa moja tu nchi nzima, na hiyo aliijua, lakini kompyuta haikuonekana popote. Nikaamua kosa ni la antena. Nilipanda paa mara elfu moja, nikaielekeza ziwani, nikaielekeza Maseno, nikaielekeza mbinguni, mpaka kunguru wa Otonglo wakanizoea wakawa hawaruki. Baba alikuwa chini, kwenye kiti chake, akinipigia kelele kwamba bado.

Kile kitabu kilichokuja na kompyuta kilisema tutafute namba thelathini na sita. Nobu yetu iliishia kumi na moja. Mimi, ambaye kuongeza chumvi ni kipaji changu, nikaona nimekutana na mwenzangu. Nani ana stesheni thelathini na sita? Nikamhesabu mwandishi kuwa mtu wa majivuno, nikarudi juu ya paa.

Jumapili zilipita hivyo. Baba alianza kusogeza kiti mbele. Baadaye akawa anakaa karibu sana hata pumzi yake inafanya ukungu kwenye kioo. Nilidhani ni hamu. Halafu Jumapili moja, mimi nikiwa nimeshika waya, aliniuliza kama nimeshafungua milango ya televisheni.

Ilikuwa wazi. Alikuwa ameifungua yeye mwenyewe muda mfupi tu uliopita.

Nilijibu kwamba ndiyo, iko wazi. Akasema sawa. Mama, aliyekuwa mlangoni na sinia la mchele, aligeuka akarudi jikoni.

Nilimfuata huko kwa sababu sikuweza kukaa sebuleni. Sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka. Nikashika kifuniko nikitaka tu kuwa na cha kushika, na pale kwenye kishikio chake, chini ya masizi ya miaka, nikaona vinamba vimezunguka. Nilivifuta kwa kidole. Thelathini na sita ilikuwapo.

Mama alinieleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida kabisa. Televisheni ilikuja na nobu mbili. Ya pili haikuwa na stesheni hata moja, na kifuniko kilikuwa kimepoteza kishikio, basi Baba akaing'oa akaifunga pale kwa msumari wa skrubu. Tundu lake kwenye televisheni alilifunika kwa kipande cha mbao na gundi, kazi safi, hungejua.

Niling'oa nobu kwenye kifuniko, nikabandua ile mbao, nikaichomeka nobu mahali pake pa zamani. Nilitaka kuzungusha mwenyewe, lakini Baba alikuwa ameshanyoosha mkono, na sheria ya nyumba ilikuwa ileile. Alishusha sikio mpaka kwenye spika, akazungusha polepole. Kelele, kelele, kelele. Halafu ghafla kelele ikakatika.

"Hapo," alisema. "Imenyamaza."

Kioo kilikuwa cheupe, kimetulia. Niliandika majina yake matatu.

"Imeandika?"

"Imeandika, Baba. Yaani kubwa, mtu wa Kisian anaweza kusoma."

Alicheka kwa pua. "Wuoda, mwanangu, wewe manyunyu tu unaita mafuriko ya Ahero. Niitie mama yako."

Mama alikuja akijifuta mikono. Kusoma alijifunzia kanisani, na alisoma kila kitu kama somo la Jumapili, neno baada ya neno. Akasoma la kwanza. Akasoma la pili. Kwenye la tatu alisimama.

"Hii ya mwisho imepinda kidogo, Mzee. Hapa pembeni."

Ndipo nikaona uso wa Baba unalegea. Kama limepinda, basi lilikuwapo.

"Imepinda upande gani?" aliuliza.

Mama akachukua mkono wake, akauweka juu ya kioo, pale pale. Vinyweleo vya mkono vikasimama kwa ule umeme wa kioo. Hakuuondoa. Alituomba tusizime, na hatukuzima mpaka asubuhi kinu kilipoanza kusaga na majina yakajikunja yakawa madogo.

Alituacha kabla ya mvua za masika. Redio ilimtangaza jioni, katikati ya marehemu wengine, haraka haraka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema ile ya televisheni ilikaa zaidi.

Nobu, Mama hakukubali irudi jikoni. Niliwahi kumnunulia sufuria mpya yenye kifuniko chake, akaiweka kabatini. Ile ya zamani anaifunua mpaka leo kwa ncha ya leso, taratibu, akiuma mdomo kwa moto.