Marehemu Aliyebaki na Jiwe Langu

Jiwe la kusagia aliloniachia mama, jirani yangu Hwefa aliliazima asubuhi asage pilipili. "Nan Kossiba," akaniita kwa heshima, "jioni nakuletea." Jioni hiyo akaingia nyumba ya Mawu, mungu wetu wa kike, mwenye mwezi, kufundwa. Akatoka baada ya miezi, nguo nyeupe, shanga mpaka kiunoni, jina jipya: Mawusi, mke wa Mawu.

Nikamfuata. "Hwefa, jiwe langu."

Kusikia jina alilolivua, akaanguka puu, macho juu, miguu inatupwa. Hapa Abomey hilo ni kosa la aliyetamka. Nikatozwa kuku wa kumtuliza. Akamla, akajifuta mdomo. "Hwefa alikufa, mama. Mwezi ulimla. Kamdai huyo."

"Na hilo unalosagia?"

"Nimelikuta hapa."

Ndiye huyo. Kufagia hajui, kupika anaunguza, lakini mwezi ukiwa mpevu anacheza mbele ya wote, na watu wanampigia magoti. Mimi kila asubuhi nasikia jiwe la mama yangu likikwaruza nyuma ya ukuta, huku natwanga pilipili kwenye kinu cha kuazima. Miaka!

Mwaka huu nikaacha kudai. Nikajifunga nguo ya msiba, nikaita mpiga mtungi, ngoma yetu ya matanga, na wanawake wa ukoo wetu, tukajaa uani kwa mumewe, Tossa, tunalia.

"Nani kafa?" Tossa akatoka na mswaki mdomoni.

"Mkeo! Miaka yote hujamwekea matanga, huna haya?"

"Mke wangu si yule pale?"

"Yule mke wa Mawu. Kwani unalala na mke wa mungu, Tossa?"

Mswaki ukamdondoka. Akaruka hatua nzima mbali na Mawusi.

Na waombolezaji hulishwa. Akachinja kuku, kisha mbuzi. Tulipotoa nguo za marehemu tugawane, Mawusi akapiga ukelele: "Vitenge vyangu hivyo!"

"Vyako vipi? Vya Hwefa," shangazi yangu akamjibu, keshajifunga kimoja.

Mawusi akatazama mbuzi, akatazama vitenge, akamtazama mumewe aliyejibanza kwa majirani. Akaingia ndani, akatoka na jiwe kichwani, anahema.

"Chukua, mchawi wewe! Chukua, uondoke na watu wako!"

"Ahsante, Mawusi. Marehemu asingenipa, alikuwa na roho mbaya."

Mpiga mtungi akauliza kama anyamaze. Nikamwambia apige tu, nyama bado ipo.