Makochi ya Jirani

Baba alirudi kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Buseresere, akiwa na begi moja na kifua kibovu. Miaka yote alikuwa akisaga mawe, na vumbi la mawe halikumtoka. Daktari alisema dawa hataacha tena, na akizidiwa atahitaji hewa ya mtungi. Angeweza kutibiwa bure kama tungepata barua ya msamaha wa matibabu, ila kwanza afisa ustawi wa jamii alitakiwa kuja nyumbani aone hali yetu.

Bibi, mama yake baba, alisikia jambo moja tu: kuna mgeni.

Hapa kwetu Ngokolo tuna vigoda viwili na mkeka. Bibi alisema mtu wa serikali hakalishwi kwenye kigoda kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Akaenda kwa mama jirani akaazima makochi pamoja na vitambaa vyake vya kufuma, tukayapitisha uani. Akachinja mtetea, yule yule aliyekuwa akitutagia. Baba akanyolewa ndevu, akavalishwa koti lake la harusi, akaambiwa ajikaze asimkoholee mgeni. Niliona kabisa kwamba tunakosea. Nikaendelea kumenya vitunguu.

Afisa alikuwa dada mpole. Bibi alimsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, akamlazimisha ale kwanza, ndipo akakubali kuulizwa maswali. Baba naye alipoulizwa anajisikiaje, alisema anamshukuru Mungu, ni kifua kidogo tu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka kwa kuzuia kikohozi. Dada akaandika kitu kwenye fomu, kisha akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni.

"Eti mdogo wangu, haya makochi ni yenu?"

Bibi alinitazama. Hakunitazama kwa ukali, ukali wake nimeuzoea. Alinitazama kama mtu anayeomba asivuliwe nguo mbele ya watu.

"Ndiyo," nikasema.

Pikipiki iliyomleta ilikuwa haijakata kona, baba akakohoa mpaka akashika ukuta. Mama jirani alipokuja kuchukua vitu vyake alinusa kitambaa akasema, "Ama kweli, makochi yangu yamekula kuku, mimi mwenyewe sijaonja." Bibi akacheka. Mimi nilikwenda kuosha sahani.

Majibu yalisema kaya yetu inajiweza. Bibi aliniambia nimsomee tena, nikasoma tena.

"Mbona alikula vizuri?" akauliza.

Baada ya siku chache nikaenda ofisini kwa yule dada nikiwa na sare zangu za shule. Nilikaa kwenye benchi nikiwaachia watu wanipite, hata waliokuja nyuma yangu, mpaka nikabaki peke yangu. Nilipoingia nikasema shikamoo. Nikampa karatasi niliyoichana kwenye daftari la Kemia. Nilikuwa nimeandika kwamba makochi si yetu, baba hawezi kulala chali, na mimi ndiye niliyedanganya.

Aliisoma, akairudia.

"Ungeniambia siku ile," akasema taratibu. "Siku ile ningeandika."

Akanieleza kwamba fomu imeshakwenda, kwa hiyo tuanze upya ofisi ya serikali ya mtaa, na maombi yakimfikia atakuja tena. Sikuuliza lini. Nikapita serikali ya mtaa wakati wa kurudi, nikaandikisha jina la baba.

Jioni nilimkuta bibi akichambua mchele. Nikamwambia yote, pamoja na ile karatasi, na kwamba mgeni akija tena tusiazime kitu. Hakunigombeza. Aliendelea kutoa mawe kwenye ungo, moja moja.

"Sasa atakaa wapi?"

"Kwenye kigoda, Bibi."

Akamalizia mchele uliobaki.

"Basi uwe unakifuta," akasema.

Nakifuta kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Dada bado hajafika. Baba siku hizi analala ameketi, mgongo ukutani, pale pale yalipokuwa makochi, na bibi hamwambii tena ajikaze.