Maji ya Majivu

Majirani katika nyumba za reli pale Nakuru walimjua Nabalayo kwa mdomo wake. Alikuwa na mdomo, yule mama! Akikukuta umeunguza chapati atakuambia, na pole hakupi. Lakini mwaka wa 1971 mumewe Joash, fundi wa mabehewa, alipoambiwa figo zake zimechoka, mdomo huo ulifungwa.

Daktari Jagdish, mwenye kliniki mjini, hakuzunguka. "Mama, chumvi hapana. Hata kidogo. Na nyama, kidogo tu." Mashine za kusafisha damu zilisikika, ndiyo, lakini kwa watu wa reli hizo zilikuwa habari za redioni. Dawa yao ilikuwa sahani.

Na Joash hakula. Miguu ilivimba, uso ukajaa maji, mikono ikakonda. Kilichomtisha Nabalayo zaidi ni ukimya. Mwanamume aliyepiga hadithi mpaka majirani wakalalamika sasa alishinda kitandani bila neno. Ukimpa ugali anausukuma. "Mama Nekoye, toa tu. Sina haja." Nekoye ni binti yao, alikuwa ameolewa Njoro. Nabalayo alienda jikoni akalia, kisha akajikasirikia kwa kulia.

Ndipo akakumbuka mboga za mama yake kule Bungoma. Akachoma maganda ya maharage, akatia majivu kwenye kopo lenye matundu, akamwagia maji, yakachuruzika rangi ya chai, yenye ladha ya chumvichumvi. Kwa maji hayo akapika mrenda, zile mboga za majani zenye utelezi. Chumvi ya duka hakuigusa. Daktari si alikataza chumvi? Haya ni majivu, bwana!

Joash akaonja. Akaonja tena. "Weh! Mama Nekoye, hii umeitoa wapi?" Akamaliza sahani, akalamba vidole. Tangu hapo akala mchana na jioni, akaanza hata kumtania Wachuka, jirani yao, eti irio yake ya viazi vya kuponda ingefaa kusiriba nyumba. Nabalayo alifurahi akawa anaimba, na sauti mwenyewe hana.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Joash alishindwa kuinuka kitini. Miguu ilikataa. Nabalayo akaweka kiganja kifuani pake: moyo unapiga, unasita, unasita tena, ndipo unapiga. Akapiga kelele. Mume wa Wachuka akawakimbiza hospitali kwa pikapu.

Walipomtuliza kwa sindano, Daktari Jagdish aliyekuwa ameitwa akauliza mgonjwa anakula nini. Nabalayo akamweleza yote, tena kwa majivuno. Daktari akavua miwani.

"Mama, hayo majivu yana kitu ambacho figo nzima zinatoa. Zake haziwezi. Kinabaki kwa damu, kinasimamisha moyo." Akaipangusa ile miwani. "Ilinipasa nikuulize unapika na nini. Sikuuliza."

Nabalayo alitamani ardhi ipasuke immeze. Ni mkono wake mwenyewe uliotaka kumzika Baba Nekoye!

Joash aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikuta ugali na kabichi iliyochemshwa, maji yamemwagwa kama daktari alivyoagiza.

"Mrenda uko wapi?"

"Hakuna, Baba Nekoye. Daktari alikuambia."

"Aliniambia, nikasikia. Nipe kidogo tu." Akaisukuma sahani. "Zile siku nilikuwa mtu. Unataka nirudi kulala pale nikingoja kufa? Heri nife nimeshiba."

Nabalayo aliumia, maana alijua anasema kweli. Angempa, angecheka naye jioni ile. Kesho je?

"Sikupi."

"Basi sitakusemesha tena."

"Usinisemeshe! Ninunie utakavyo. Lakini ninunie ukiwa hai."

Joash akageuza uso. Nabalayo akafinyanga tonge, akalichovya kwenye ile kabichi, akalipeleka mdomoni pake. Mdomo umefungwa. Akangoja, mkono ukachoka, akaushikilia kwa mkono wa pili. Mwishowe Joash akafungua mdomo bila kumtazama, akatafuna, machozi yakimtoka, na neno hakusema.

Nabalayo akafinyanga la pili.